Maneno ya Papa Yenye Nilifuta

Niko na miaka makumi mbili na tisa, bibi ya mutu, mama ya mutoto mumoja, na nilisoma muziki kwenye université hapa Butembo. Batu bananisifu sababu ya mémoire yangu, ile kitabu ya kumaliza masomo. Bandugu, kama bangejua! Leo nasema yote, munihukumu ninyi benyewe.

Papa, baba yangu, alikuwa mulimaji wa Eringeti, tena fundi wa enzenze, ile chombo yetu ya fimbo, kamba na kibuyu. Vita ikatufukuza. Papa na mama bakakimbilia Beni, commune Ruwenzori, kwa shangazi. Mudogo wangu Mbusa alikuwa ameenda shamba ya kakao siku ile, na hakurudi. Bote balisema amekufa. Papa peke yake alikataa kufanya matanga.

Nyimbo za Papa ndizo nilichagua kwa mémoire. Nilishuka Beni na enregistreur, mashini ya kushika sauti, ya kuazima, nikamurekodi siku mbili, sisi wawili tu ndani ya nyumba. Mais Papa hakuwa mutu wa kupiga na kunyamaza. Kila wimbo ukiisha, alishusha chombo akaanza kusemesha Mbusa, sawa vile ameikala pale mbele yake. Alisema murefu. Mimi nilikuwa naangalia taa ya sauti isiende kwenye rouge, ile nyekundu ya kuonya.

Professeur mwenye kuniongoza alisikiliza kidogo, akakunja uso. Akaniambia: "Madame, hii ni recherche, utafiti, hapana kilio. Nataka muziki. Maneno, toa."

Nikatoa. Nilikata neno kwa neno, tena na furaha, kuona kazi inakuwa safi. Enregistreur ilikuwa ya kurudisha, donc nilifuta na sauti yote ya kwanza, yenye ilikuwa bado haijakatwa. Nilipata distinction, alama ya juu. Papa alikuja kwenye défense, siku ya kutetea mémoire, na koti ya jirani, akapiga makofi mupaka batu bakamugeukia.

Miezi mitatu kisha, ugonjwa wa tumbo ukamubeba. Tulimuzika Beni.

Na Mbusa akarudi… Muzima! Batu ba vita balimushika porini, akatoroka. Hata chakula hakuuliza. Aliuliza kama Papa aliacha neno. Mama akamujibu: "Papa yako aliniambia alikusemesha siku mbili nzima. Iko yote kwa dada yako."

Akanifuata Butembo, nikafungua ordinateur, kompyuta yangu. Nyimbo kumi na moja. Kila wimbo ukiisha, Mbusa aliinamisha kichwa, akangoja… na ingine inaanza. Ya mwisho ilipoisha, akaniuliza polepole: "Yaya, dada yangu, maneno iko wapi?"

Nilimwambia ukweli. Hakunitukana. Aliomba tu nimwambie kwa kinywa yangu kile Papa alisema. Bandugu, sikuwa na kitu! Nilikuwa nimeikala mbele ya baba yangu siku mbili, na sikushika hata neno moja. Ni nani wa kulaumu? Professeur? Masikio ilikuwa yangu.

Ninyi banafunzi munaoenda kurekodi bazee, nawaomba: hapana kata sauti yao, hata mukubwa akinuna. Na mbele ya enregistreur kusikiliza, musikilize ninyi benyewe.

Mbusa alibaki hapa Butembo, anakuja kwangu kila siku ya Mungu, kisha misa, kuuliza kama nimekumbuka. Najibu bado. Siku ingine nasikia hamu ya kumutungia maneno mazuri, aende nayo nyumbani… Naomba Mungu anizuie.