Mwenye Laini

Mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Nina duka la nywele hapa Adams Arcade, Nairobi, na kwenye kiti changu wanawake wamenimwagia hadithi za kila aina. Mimi huitikia "ai!" na kuendelea kusuka. Lakini hili la mdogo wangu Ivyne sikuhadithiwa. Nilikuwepo mwenyewe.

Ivyne alihamishwa kikazi kutoka Busia kuja Nairobi mwaka jana, baada ya Pasaka. Akapata nyumba Kileleshwa, ghorofa ya nne, sebule yenye jua na jiko lenye kabati nyeupe. Jumamosi tuliyohamisha vitu ilikuwa siku ya raha. Stima iliwaka, maji yalitoka, gesi ikaletwa na mtu wa bodaboda. Tukapika samaki, tukala tumekaa juu ya maboksi, tukicheka jinsi sofa ilivyokataa kuingia kwenye lifti. Kilichobaki kilikuwa intaneti tu, na kwa miezi ya mwanzo kazi yake yote angeifanyia nyumbani kwenye kompyuta.

Ukutani kulikuwa na kisanduku cha intaneti tayari, waya wake umening'inia. Ivyne akaipigia kampuni ya intaneti aunganishwe. Wakamwambia nyumba hiyo ina laini ya mteja mwingine, Debra Wahu, na haiwezi kuwekwa nyingine mpaka Debra mwenyewe apige simu.

Sasa, Ivyne ni mtu wa haki zake. Ukimpunja unga kwenye mizani, anarudi dukani na mfuko. Akawaeleza kwamba mpangaji mpya hawezi kushikiliwa na mtu aliyekwisha kuhama, na kwamba mteja ana haki ya kupata huduma kwa jina lake mwenyewe. Akalalamika, wakampa nambari ya malalamiko. Akapiga tena, akapandisha sauti, akaomba kuongea na mkubwa wao. Jibu likawa lile lile.

Tukashuka kumuuliza keateka, mwangalizi wa jengo, mzee mmoja Mkamba anayeitwa Ndambuki, kama ana nambari ya simu ya huyo Debra. Alikuwa anaosha ngazi. Hakuinua kichwa.

"Huyo alitoka," alisema.

Ivyne akamuuliza alihamia wapi.

"Alitoka tu. Wewe piga, useme ni wewe Debra. Hapa watu wote hufanya hivyo."

Na ni kweli, Nairobi tunafanya hivyo. Mwenye laini hayupo, unajiita yeye, unajibu maswali, maisha yanaendelea. Hata mke wa pasta wetu amewahi. Lakini nyanya yetu kule kwetu Samia, Busia, alitulea na katazo moja: usiitikie jina la mtu usiyejua aliko. Nilimkumbusha Ivyne. Akanitania kwamba nyanya hakuwahi kuhitaji intaneti.

Akapiga simu palepale sebuleni, jua la mchana limejaa dirishani, ameiweka kwenye spika. Msichana wa kastama kea, wa kuhudumia wateja, akauliza kama anaongea na Debra Wahu.

"Ndiye mimi," Ivyne akasema.

Msichana akaomba jina la mama. Nikajishika mdomo. Nilijua hapo tumekwisha.

"Nyambura," Ivyne akajibu.

Na kabla ya kuhamia hapo aliishi wapi?

"Muthangari."

"Asante, Debra," msichana akasema, na taa ya kile kisanduku ikawa kijani.

Nikamuuliza Ivyne alijuaje. Akasema amebahatisha. Lakini alikuwa anaitazama simu bila kucheka. Jina moja mtu anaweza kubahatisha. Mawili, sijui.

Wiki zilizofuata sikuona kitu. Au niliona nikapuuza. Sisi wawili tangu tukiwa wadogo huongea Kisamia, lugha ya kwetu, hata tukigombana. Akaanza kunijibu kwa Kiswahili. Nikadhani ni kuringa kwa watu wa Kileleshwa, nikamchokoza, naye akaniambia amechoka tu. Nikampelekea samaki, akaniuliza kama sina nyama. Meseji za kampuni zilikuja kila mara, "Mpendwa Debra", naye hakuwa akizikasirikia tena. Nikamwambia alalamike jina libadilishwe, yeye anayejua haki zake. Akasema jina halina shida.

Mchana mmoja nilimpitia bila kumwambia. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa jikoni akinipa mgongo, anamenya viazi, anaimba wimbo wa kanisa kwa Kikuyu. Ivyne hajui Kikuyu, hata salamu; jina la Wahu ndilo la Kikuyu.

Nikamwita. "Ivyne."

Hakugeuka.

"Ivyne!"

Kisu kiliendelea. Ganda lilikuwa likidondoka kwenye sinki. Kisha nikafanya kitu ambacho hadi leo sijui nani alinituma. Nikanong'ona.

"Debra."

Akageuka mara moja. Alinitabasamia vizuri, akanifutia kiti kwa kitambaa, akanikaribisha niketi. Hivyo ndivyo mtu anavyomkaribisha mgeni.

Nilishuka zile ngazi sijui vipi. Nikamkuta Ndambuki kwenye lango, nikamshika koti. Nikamwambia aniambie Debra alitoka akienda wapi, la sivyo nitapiga kelele jengo zima lisikie. Akatazama huku na huku.

"Alitolewa," akasema polepole. "Alikufa hapo chumba cha kulala. Alikaa hapo siku mingi kabla tujue. Sisi tuliambiwa tusiseme, wapangaji watakataa nyumba."

Nilimkasirikia mpaka nikalia. Mtu ana haki ya kuambiwa kabla hajabeba hata kijiko kuingia kwenye nyumba kama hiyo. Na huyu mzee alimfundisha mdogo wangu aseme yeye ndiye marehemu! Ndambuki alinitoa mkono kwenye koti, akaokota ndoo yake, akaenda.

Kesho yake nilimwambia Ivyne twende mjini, ofisi ya kampuni, tuondoe jina la Debra kwenye laini. Katika akili yangu, jina likitoka kwenye laini litamtoka na yeye. Nilijiandaa kumvuta kwa nguvu. Akakubali upesi, akavaa viatu. Hilo lilinitisha kuliko kama angekataa.

Kwenye kaunta tulihudumiwa na kijana mwenye adabu, Lenox. Nikamweleza yote: huyu ni Ivyne Were, Debra ni marehemu, tunataka laini ya marehemu ifungwe. Lenox akanipa pole. Akasema utaratibu wao ni kuipigia kwanza nambari ya simu iliyoandikishwa na mwenye laini. Isipopatikana, atafunga. Akabonyeza, akaweka spika kwa sababu ya makelele ya foleni.

Simu ikaita.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kando yangu, mkoba magotini.

Ikaita tena. Ikashikwa.

"Phili?"

Ni jina langu la nyumbani. Philister ni la watu.

"Phili, uko wapi?" Ilikuwa Kisamia. Ilikuwa sauti ya Ivyne, ile anayolia nayo akijaribu nisijue analia. "Nimekuita sana. Unakuja mpaka jikoni, unanipita. Mlango haufunguki."

Nikageuza kichwa. Mwanamke aliyekuwa kando yangu hakuwa akitazama simu. Alikuwa akimtazama Lenox.

"Hiyo laini siitaki tena," akasema. "Ni yangu. Funga."

Lenox aliuliza maswali yake kwa sauti ndogo. Jina la mama. Alikoishi kwanza. Mwaka wa kuzaliwa. Akajibiwa yote. Kompyuta ikakubali.

"Wewe ndiye mwenye laini?"

"Ndiye mimi. Na ni haki yangu."

Nilimrukia Lenox juu ya kaunta. Nilimwambia asifunge, namwomba, yule ni mtoto wa mama yangu. Askari wa mlango akanishika kiuno. Kwenye spika sauti ilikuwa bado inaniita. Phili. Phili. Nilijibu kwa Kisamia kwamba niko hapa, nasikia, angoje.

Lenox akabonyeza.

Sauti ikakatika.

Mwanamke akasimama, akanyoosha sketi yake, akamshukuru Lenox. Kisha akanishika mkono kwa upole na kuniambia twende nyumbani, watu wanatutazama.

Anaishi Kileleshwa hadi leo. Anatumia kitambulisho cha Ivyne, na kazini wamempandisha cheo. Krismasi alienda Samia akambebea mama vitenge, na mama akanipigia kusifu jinsi Ivyne alivyotulia siku hizi, ila akauliza mbona Kisamia kimempotea. Nilimwambia ni Nairobi. Ningemwambia nini? Kisha nikaingia nyuma ya duka nikalia mpaka mteja akanifuata na nywele nusu zimesukwa.

Nilirudi kwa Lenox kuomba laini ifunguliwe. Akasema, akitazama chini, kwamba ombi hilo huletwa na mwenye laini peke yake.

Mwezi uliopita nilikuwa namwosha mteja nywele, simu yangu ikatoa mlio. Nikafuta povu, nikasoma. Ilikuwa meseji ya ile kampuni, ambayo sijawahi kuwa mteja wake.

"Mpendwa Ivyne, ombi lako limepokelewa. Uko kwenye foleni. Tafadhali usikate simu."

Niliacha maji yakimwagika, nikaenda mjini na aproni yangu. Lenox akaisoma, akaisoma tena, akaandika jina kwenye kompyuta, kisha akanigeuzia kioo nijionee. Hawajawahi kuwa na mteja wa jina hilo.

Sizimi simu yangu tena, hata kanisani; Ivyne akipiga, anikute.