Sauti ya Lusia Kwenye Mafunjo

Asubuhi ile Mbuke alivaa sare yake ya uaskari wa wanyamapori, akamsogezea mama yake uji, akaaga. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua, hatoki kitandani. Alimjibu kwa maneno yaleyale ya kila siku:

"Ukimwona mdogo wako, mwambie arudi."

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu Lusia apotee. Aliingia hifadhini kukata mafunjo ya kusukia mikeka, hakutoka. Lilipatikana panga tu.

Saa tatu hivi, jua likiwa limeshachomoza vizuri, Mbuke na mwenzake Stanslaus walikuwa kwenye mtumbwi katikati ya kinamasi, wakihesabu korongo taji. Mbele yao nzohe, yule swala wa majini, alisimama maji yakimfika tumboni. Nzohe hukimbia hata kivuli cha mtu. Huyu hakukimbia. Aliwatazama tu.

Ndipo korongo wote wakanyamaza.

"Mwangaluka, dada."

Salamu ya Kisukuma ilitoka ndani ya mafunjo, kwa sauti ya Lusia. Stanslaus, aliyezaliwa kandokando ya kinamasi kile, aliacha kupiga kasia.

"Usiitikie," akanong'ona. "Ukimwitikia, umemfungulia njia."

Mbuke akauma midomo.

"Dada. Mayu hajambo?"

Akashindwa.

"Mama anaumwa, Lusia. Anakulilia kila siku. Njoo nyumbani."

Mafunjo yakatikisika. Kitu kikapita chini ya mtumbwi, taratibu, kikielekea nchi kavu. Stanslaus alivua kofia yake.

Mbuke alipofika nyumbani Katoro kwa bodaboda, alikuta wanawake wamejaa uani. Jirani yao, Mama Scolastika, akamshika mikono.

"Mama ametutoka, mwanangu. Kabla ya saa nne nilimsikia anacheka humo ndani. Akasema, 'Karibu mwanangu, mbona umelowa hivyo? Panda ulale.' Nikajua ni wewe umerudi."

Mbuke aliingia chumbani. Mama alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja ameunyoosha kama anayemkumbatia mtu. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Mbuke alikuwa ameisahau. Alipiga magoti akalia, asijue amemuua mama yake au amempa alichokuwa akikiomba.

Walipomwinua kwenda kumwosha, godoro upande wa pili lilikuwa limebonyea umbo la mtu mwembamba aliyejikunja. Lilikuwa limelowa chapachapa. Lilinuka tope la kinamasi.