Sikio la Mgandishi

Faustine Kikoti alijikata kidole akimenya viazi, na kabla hajaguna, damu ilikuwa imekwisha kuganda. Kazi hiyo aliifanya Mgandishi, mtambo mdogo kama punje ya ulezi uliokaa ndani ya mshipa wa mkono wake. Faustine alizaliwa bila protini ya nane, mojawapo ya zile zinazopokezana kazi ya kugandisha damu. Ikikosekana hiyo, nyingine hukwama, na jeraha dogo huvuja kutwa nzima. Mgandishi aliitengeneza papo hapo.

Aliyembuni ni dada yake, Mhandisi Eusebia, ambaye kwa bahati mbaya hakuridhika. Akamwongezea sikio. Mtambo ukisikia mtu anatishia, alieleza kwa kujigamba, utamwaga protini kabla kisu hakijafika. Mji mzima wa Iringa ulimpongeza, na kichwa kikamvimba kidogo.

Kisha Faustine akaoa.

Wahehe na Wangoni ni watani, na mtani harusini hana adabu. Ndiyo kazi yake. Gama, Mngoni aliyekua na Faustine, alimkaba bwana harusi mbele ya wageni, akatangaza: "Huyu leo namchinja. Nyama yake ngumu, lakini tutachemsha."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mgandishi hakucheka. Alimwaga protini; Gama akaongeza habari za kumchuna ngozi, naye akamwaga tena. Bangili ya Faustine, iliyopima damu yake na kuuongoza mtambo, ikawaka nyekundu. Damu ilikuwa nzito mno, na bonge likianza mguuni lingeweza kupanda hadi mapafuni. Eusebia alipenya umati akijikwaa kwenye gauni lake mwenyewe, akauzima mtambo, akamchoma kaka yake sindano ya kuifanya damu iwe nyepesi.

Bangili ilipotulia, Eusebia alimwomba Gama aache utani kabisa. Gama alikubali. Akamwendea bwana harusi, akainamisha kichwa.

"Hongera sana, ndugu Kikoti. Mungu akujalie."

Faustine alimtazama kama mtu aliyefiwa. Mngoni hamheshimu Mhehe ila kama hamjui.

"Dada, litoe hilo sikio," alisema. "Nikijikata, Mgandishi yupo. Huyu akiendelea kuniita ndugu Kikoti, dawa yake huna."

Eusebia, Mhehe aliyewasahau watani wake akiwa maabara, alilifuta sikio palepale huku machozi yakimlengalenga, kisha akauwasha mtambo. Gama alisubiri bangili iwe kijani, akamgeukia.

"Na huyu mhandisi tumchome au tumkaange?"

Bangili ilibaki kijani. Eusebia akamjibu kwamba Mngoni hajawahi kumiliki sufuria.