Jiwe la Prisca

Kila alipotoka shule, Prisca alivua sare na kukimbilia shambani kwao Vudee kufukuza kwa mawe ngedere waliokuwa wakimaliza mahindi. Alikuwa darasa la sita tu, lakini kwa shabaha, hata kaka zake walimvulia kofia.

Jumamosi ile aliwaacha ngedere wale watakavyo. Alikwenda uwanjani kumtazama kaka yake Filemoni, golikipa wa timu ya chuo. Msimu mzima timu hiyo ilikuwa inachapwa tu, na leo, katika mechi ya mwisho, angalau sare ilinukia. Halafu wageni wakapata penalti. Filemoni akafungwa.

Hasira zilimpanda Prisca. Aliokota jiwe akalivurumisha. Mfungaji aliyekuwa akishangilia akaanguka, damu zikimtoka kichwani.

"Nani katupa?" mashabiki wa wageni walifoka.

Kando ya uwanja, Amiri, dereva wa bodaboda kutoka Same, alikuwa ameinama kuondoa jiwe aliloliweka nyuma ya gurudumu ili pikipiki isiserereke mteremkoni. Aliinuka nalo mkononi.

"Huyu hapa! Ana jiwe!"

Walimvamia kwa ngumi na mateke. Filemoni akakimbia kumkinga, naye akapigwa fimbo mkononi hadi fimbo ikavunjika. Prisca alijua kosa ni lake. Akisema, watamgeukia yeye. Akinyamaza, watamuua mtu asiye na kosa, pengine na kaka yake. Amiri alitema damu, na bado walimpiga.

"Mwacheni! Ni mimi!"

Hakuna aliyemsikia. Alipenya katikati ya miguu akamlalia Amiri. Teke moja likampata ubavuni.

"Jiwe nimetupa mimi!" alilia.

Walipoona ni mtoto, mikono ikashuka.

Kwenye zahanati, mfungaji alishonwa, Filemoni akafungwa bandeji. Amiri alikuwa amepoteza meno mawili. Prisca alipiga magoti.

"Shikamoo, kaka Amiri. Nisamehe."

"Marahaba," Amiri alijibu kwa shida. "Nimekusamehe. Ila niliogopa sana, mdogo wangu."

Mwalimu Hezroni, kocha wa timu, alimwinua Prisca.

"Kufungwa tumezoea, na mwakani tutacheza tena," alisema. "Amiri angekufa, mwakani asingerudi. Umefanya vyema kusema ukweli, mwanangu. Lakini ulichelewa kidogo, na kuchelewa kwako kumemgharimu mwenzio meno."

Jumatatu ngedere walirudi shambani. Prisca aliokota jiwe, akalitazama, akaliweka chini. Akawafukuza kwa makofi na kelele.