Tende Aliyopewa Gorila

Lori lilikuwa limekwisha kuvuka daraja la Tana. Garissa ilibaki nyuma, ndani ya vumbi. Juu ya magunia walikaa Duale, mkewe Rahmo, na binti yao Saado.

Duale alikuwa mchunga ngamia kule Sangailu. Ngamia hao hawakuwako tena. Wengine walichukuliwa na shifta, wale waasi wa msituni. Waliobaki walichukuliwa na askari. Ndivyo vita vilivyokuwa mwaka ule wa 1966. Watu walikusanywa kwenye vijiji vyenye ua wa miiba, wakakatazwa kutoka. Humo ndimo mtoto mchanga wa Rahmo alimofia. Alikataa maziwa, akaisha hivi hivi.

Sasa walikuwa wamepata ruhusa ya kwenda Nairobi kukaa kwa Keinan, kaka yake Rahmo, mwenye duka la nguo.

Njiani Saado alishikwa na mafua. Walipofika Nairobi, Rahmo naye akaanza kukohoa.

"Ni vumbi tu," alisema.

Siku ya Idi, Keinan alimwita Saado. "Njoo, mtoto wa dada. Leo abti yako, mjomba wako, atakuonyesha mtu mwenye manyoya mwili mzima."

"Anafananaje, abti?"

"Kama baba yako akiamka asubuhi."

Duale akasema, "Shemeji, mimi nikiamka huwa mzuri kuliko wewe ukioga."

Basi wakaenda kwenye bustani ya wanyama, nje kidogo ya mji. Mle mlikuwa na gorila wawili wa kike, yatima, walioletwa kutoka Kongo. Mkubwa aliitwa Goma. Mdogo aliitwa Bukavu. Walikaa katika chumba cha vyuma.

Duale alisimama mbele ya vyuma. Yeye ni mchungaji. Fisi akija zizini, mchungaji hakimbii. Anamkazia macho, anapiga fimbo chini, fisi anakwenda zake. Duale akafanya vivyo hivyo. Akamkazia Goma macho. Akagonga chuma kwa fimbo, ngo! ngo!

Goma akainuka. Akapiga kifua, akajirusha kwenye vyuma kwa kishindo. Watu wakatawanyika. Bukavu akakimbilia pembeni, akajikunja.

"Wewe mzee! Weka fimbo chini!" Aliyesema hivyo ni Gitau, mlishaji wa gorila hao.

Duale alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Yeye nataka fita! Angalia macho yake!"

"Wewe ndiye unayetaka vita. Kumkazia gorila macho ni kumtukana. Tena unagonga nyumba yake. Mimi nikija kugonga mlango wako kwa rungu, utanipa chai?"

Duale akacheka kidogo. "Hapana. Sasa mimi nafanya nini?"

"Kaa chini, uwe mdogo. Tazama pembeni. Usipige kelele, usitupe kitu. Fisi wako anaweza kukimbia. Huyu amefungiwa. Ukimuudhi, anabaki na hasira yake humo humo."

Maneno hayo yalimwingia Duale. Aliilaza fimbo, akakaa mchangani na wenzake. Wakanyamaza. Baada ya muda Goma akatulia, akageuka kuchezea majani. Bukavu akatoka pembeni polepole, akaja mpaka kwenye vyuma. Alikuwa mwembamba.

"Yeye nagonjwa?" Rahmo aliuliza.

"Si mgonjwa. Hali chakula," alisema Gitau. "Mama yake alipigwa risasi. Tangu hapo anaonja tu, anaacha. Sijui nimfanyeje."

Mara Gitau akaitwa upande wa pili, kwenye pundamilia. Akaenda.

Rahmo alimtazama yule mdogo kwa pembe ya jicho, kama alivyofundishwa. Kwao, mtoto akizaliwa hutafuniwa tende, akapakwa kinywani. Mtoto akikataa kula, mama hutafuna kwanza. Rahmo akatoa tende ya sikukuu kwenye shuka. Akatafuna. Akakohoa, akatafuna tena. Kisha akanyoosha mkono kati ya vyuma.

Bukavu akanusa. Akala. Akanyoosha mkono kuomba nyingine.

"Hooyo, anakula!" Saado alimnong'oneza mama yake.

Rahmo alimpa tena na tena. Alikuwa analia na kucheka.

Juma lililofuata, Rahmo alifunga tende nyingine kwenye kitambaa, akarudi bustanini na Keinan. Chumba kilikuwa kimefunikwa turubai. Gitau alikuwa ameketi nje, macho mekundu.

"Bukavu ni mgonjwa sana," alisema. "Daktari anadhani alikula kitu chenye sumu. Anampa dawa ya tumbo."

Rahmo akafungua mdomo. Keinan akamshika mkono, akamwambia kwa Kisomali, "Nyamaza! Wewe umetoka Garissa. Watasema shifta ametia sumu. Watakurudisha kwenye ua wa miiba, na mimi nitafungiwa duka."

"Na yeye?"

"Yeye ni mnyama, Rahmo!"

Rahmo akauvuta mkono wake. "Gitau, ni mimi. Mimi nampa tende. Nimetafuna kwa mdomo yangu. Hapana sumu, wallahi."

Gitau alimtazama. "Ulikuwa unakohoa siku ile?"

"Nakohoa."

Gitau akasimama. "Basi si tumbo. Ni mafua." Akakimbia kumwita daktari.

Aliporudi hakumgombeza. "Mama, mwili wa gorila unafanana na wetu. Mafua yetu yanamwingia, lakini kinga yake ni ndogo. Kwako ni kikohozi cha siku chache. Kwake yanashuka kifuani, yanaua. Ndiyo maana mgeni hatakiwi kumpa chakula wala kumgusa. Na mwenye mafua abaki nyumbani."

"Wewe hukusema," alisema Rahmo.

"Kweli. Nilisema ya fimbo, nikasahau ya mdomo." Gitau akakaa tena chini.

Dawa ikabadilishwa. Goma akahamishiwa chumba kingine siku hiyo hiyo. Lakini kwa Bukavu ilikuwa imechelewa. Alikufa Ijumaa, mchana.

Kamba ilifungwa mbali na vyuma, mkono wa mtu usifike. Gitau aliwekwa langoni. Kila mgeni aliulizwa kama ana mafua, na aliyekohoa alirudishwa. Wageni waliambiwa wakae chini, wasikodoe macho, wasigonge, wasitoe chakula. Rahmo alipona, akaenda mara kwa mara kuwaeleza Wasomali wenzake kwa lugha yao. Goma hakuugua. Aliishi mpaka akawa na mvi, na wageni hawakuwaletea tena wanyama wa pale mafua.

Hatimaye habari za Rahmo na zile tende zilifika polisi. Aliulizwa maswali, kisha yeye, Duale na Saado wakarudishwa Garissa. Duka la Keinan lilifungwa. Alihamia Rhamu, akalima vitunguu kando ya mto Daua. Hakuzungumza na dada yake kwa miaka mingi. Duale hakupata ngamia tena. Akawa mlinzi wa ghala, akafa baada ya vita kwisha. Gitau aliacha kazi, akarudi kwao kulima viazi. Rahmo huuza maziwa sokoni Garissa. Saado aliolewa na dereva, anakaa Wajir.