Macho ya Mwanvita Siku ya Mahafali

"Wifi, usipige makofi! Nyanyua mikono uitikise hewani. Hawa hawasikii makofi yako."

"Na vigelegele je?"

"Piga. Utajifurahisha mwenyewe."

Chausiku akapiga hivyo hivyo, ukumbi mzima ukageuka. Mwanvita alicheka huku machozi yanamtiririka. Jukwaani alikuwa amesimama binti yake wa pekee, Hafidha, ndani ya joho la bluu. Viziwi wa kidato cha nne walikuwa wamemteua awasemee. Mikono yake iliruka kama ndege, na mwalimu Rose akaitafsiri kwenye kipaza sauti:

"Walimwambia mama yangu anapoteza maharage yake kusomesha kiziwi. Mama akauza maharage, nami nikasoma. Leo mimi na wenzangu tumemaliza. Msituonee huruma. Tupeni kazi!"

Mikono ikajaa hewani, hata ya mgeni rasmi.

Mwanvita naye alinyanyua, lakini jicho lilikuwa likimtafuta mtu mwingine. Mwalimu Salimu wa useremala, kiziwi kama wanafunzi wake, hakuwepo. Asubuhi alikuwa ametuma ujumbe:

"Assalamu alaykum Mama Hafidha. Hongera kwa mtoto. Nimepata uhamisho, Jumatatu naenda Tabora. Mungu akutunze."

Basi. Mwanvita aliusoma tangu kijijini kwake Matombo hadi mjini. Leo mtoto anamaliza. Kesho atakuja shuleni hapa kufuata nini?

Sherehe ilipokwisha, Hafidha alimkumbatia mama yake, kisha akamkazia macho. Wakazungumza kwa mikono.

"Mama, mbona mwalimu Salimu ulimkataa?"

Mwanvita aliduwaa. "Nani kamkataa nani? Yeye ndiye aliyeniuliza mwaka jana kama nitaolewa naye, kisha akapotea, akabaki kunitumia ujumbe wa habari zako tu!"

"Aliniambia alikuuliza, ukatazama chini."

"Sasa mwanamke aliyefundwa atazame wapi? Nilipowekwa ndani nikiwa mwali niliambiwa hivyo: ukiulizwa jambo la ndoa, inamisha uso. Ndiyo kukubali huko."

Hafidha alijishika kichwa. "Mama! Sisi tunasikia kwa macho. Ukiinamisha uso katikati ya mazungumzo, umemfungia mtu mlango. Mimi nilidhani bado unamlilia baba, nikaogopa kukuuliza."

Mwaka mzima! Mwanvita alikuwa amefagia uwanja, akasugua vikombe vya wageni, akasubiri wazee wa posa. Kila gari lililopanda mlima alichungulia. Akiswali, dua yake ilianza kwa mtoto na kuishia kwa yule bwana.

"Mnasema nini nyie?" Chausiku akauliza. Mwanvita akamweleza kwa kusitasita, kwa kuwa huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe.

Chausiku akamshika mkono. "Kaka yangu tulimzika, na eda ukaikalia ukaimaliza. Hata wafungwa wa gereza la Kingolwira hutoka, wifi. Wewe unangoja nini?"

Mwanvita hakusubiri kuambiwa mara ya pili.

Salimu alikuwa kwenye karakana, anapanga randa na patasi zake ndani ya sanduku. Mwanvita aligonga meza kwa kiganja. Salimu akahisi mtetemo, akageuka.

"Umekuja kuniaga?" aliuliza kwa mikono.

"Nimekuja kukujibu."

"Ulishanijibu. Ulitazama chini."

"Niliona haya! Kwetu huko ndiko kukubali. Nikakaa Matombo nangoja wazee wako."

Salimu alikaa juu ya sanduku. "Nilijiambia nikirudia nitakuwa nasumbua mjane wa watu. Kila ulipokuja kumwona mtoto nilijifungia humu, nakuchungulia dirishani."

"Na zile jumbe? 'Mtoto mzima, mtoto kala, mtoto kapata alama nzuri'?"

"Ningeandika nini kingine? Nilitaka jina langu lionekane kwenye simu yako."

Mwanvita alihisi uso unawaka. Shingo yenyewe ilitaka kuinama. Akaikaza.

"Niulize tena," alisema.

Salimu akasimama. Mikono yake ilikwenda polepole, kama ya mtu anayebeba maji yaliyojaa. Aliuliza. Mwanvita alimtazama usoni, machozi yakidondoka asiyafute, na mikono yake ikajibu ndiyo.

Salimu akawageukia Chausiku na Hafidha, waliokuwa wameshafika mlangoni, akasema kwa mikono.

"Kasemaje?" Chausiku akauliza.

"Anaomba ruhusa yenu anioe."

"Mwambie asali ya Tabora tunaijua, lakini mke haondoki hapa bila nikaha. Wazee wake wako wapi?"

Mwanvita alitafsiri. Salimu akajibu upesi upesi.

"Anasema wako Kisaki. Anawafuata leo hii, na Ijumaa, kabla ya safari, watakuja na posa. Tabora atatangulia kuripoti, kisha arudi kunioa."

"Hapo sawa. Alhamdulillahi."

Salimu akamgeukia Mwanvita, akasema jambo fupi kwa mkono mmoja. Hafidha aliziba mdomo kwa kicheko, akatoka nje mbio na joho lake. Mwanvita alibaki anatabasamu, macho hayabanduki usoni kwa yule bwana.

"Na hilo la mwisho?" Chausiku akadai. "Mbona hutafsiri?"

"Hilo ni langu, wifi."