Mashine Iliyokataa Kunyanyuka

"Boti yako inaizaba yangu makofi tangu jana, shemeji! Nyanyua mashine!"

"Njoo uinyanyue wewe, Pansul, kama misuli yako inafika nusu ya mdomo wako!"

Gwinam alisimama kwenye gati, mikono kiunoni. Maji yalikuwa yanakupwa. Boti yake ililala upande, propela imezama kwenye matope. Alibonyeza kitufe cha kuinyanyua mashine ya nyuma. Mashine ikakoroma, ikapanda shubiri moja, ikarudi chini.

Zamani boti hiyo haikuwa na aibu hizi. Mumewe, Mandok, alishika usukani akiimba kwa sauti mbaya, na kijiji kizima kilijua anarudi. Gwinam alikaa mbele akifunga makombe matupu ya konokono wa baharini kwenye kamba, ya kutegea pweza wadogo. Sasa ilikuwa mwaka wa tatu tangu Mandok afariki. Msimu wa pweza ulibakiza siku tano kuanza. Mwanawe anayeishi mjini Incheon alikuwa amepiga simu: "Mama, kama boti ni mbovu, Jumapili naleta mnunuzi." Gwinam alisema atampigia.

"Nimeongeza mafuta ya kunyanyulia mara mbili," alisema, sauti imeshuka.

"Kuongeza juu ya mabovu ni kumwaga supu mpya kwenye supu iliyochacha," Pansul alisema. Alikuwa fundi, na rafiki wa Mandok tangu utotoni. Akavaa mabuti, akashuka kutoka boti yake kwenye matope.

Alilegeza skrubu ya pembeni ili mashine inyanyuke kwa mkono. Wakaisukuma mashine juu kwa mabega, wote wawili wakihema, kisha akaweka kishikizo cha chuma.

"Hiki kwanza, shemeji. Usiingize mkono chini ya mashine isiyo na kishikizo. Ikishuka, haiombi radhi."

Akakaza tena skrubu. Halafu akafungua kifuniko cha kitangi cha mafuta hayo polepole, maana ndani huwa na mgandamizo. Akavuta mafuta kwa bomba la mkono. Yalitoka meupe.

"Mafuta mazima ya mashine hii ni mekundu, unaona mpaka chini. Yakiwa meupe, yameingia maji. Maji hayana nguvu ya kusukuma, na yanakula chuma."

Gwinam alinusa. "Haya yananuka makoli."

Wakatazamana. Siku ya mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka, walipoiombea boti baraka, Pansul ndiye aliyemimina ile pombe ya mchele juu ya mashine.

"Ulimimina birika zima!"

"Na nani aliacha kifuniko hakijakazwa?"

Gwinam akafikiri. Asubuhi ile alikuwa ametoka kuongeza mafuta.

"Kaka Mandok angesema mashine imelewa," alisema Pansul. Wakacheka hadi wakashikana mabega.

Kisha kazi. Mafuta mabovu yote yaliingia kwenye debe. "Usimwage hapa," Pansul alionya. "Chaza wa matope haya tunawala wenyewe." Wakatia mapya, yaleyale yaliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Wakafunga kifuniko. Wakachimba shimo kwenye matope ili mashine ipate pa kushukia. Wakatoa kishikizo, wakaishusha na kuipandisha mara tano, mafuta mapya yasafishe mirija na kutoa hewa. Wakaipandisha, wakaweka kishikizo, wakayavuta tena. Yalitoka ya waridi, yenye ukungu.

"Bado," alisema Pansul. "Tunarudia."

Mara ya tatu yalitoka mekundu, safi. Pansul alibadilisha mpira wa duara wa kifuniko, wa kuzuia maji, uliokuwa umepasuka. Mashine ikiwa juu kabisa, alijaza mpaka kwenye mdomo wa tundu, akakaza kifuniko, akatoa kishikizo.

"Bonyeza."

Mashine ikashuka. Ikapanda bila kukoroma, ikabaki juu. Gwinam alipangusa mikono. Kisha akampigia mwanawe.

"Jumapili njoo peke yako. Na ulete mabuti. Kuna kamba za kupanga."

Pansul alikuwa ameshika njia inayopita mbele ya nyumba ya Gwinam, debe mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Mke wangu yuko kwa dada yake. Nitachemsha tambi za pakiti."

"Tambi za pakiti! Mzee mzima!" Gwinam akamnyang'anya debe, akaliweka kando ya mlango. "Tangu mazishi hujavuka kizingiti changu. Kila ukipita unatazama baharini."

"Nilidhani nikikaa mezani nitaiona nafasi yake, shemeji."

"Ipo. Naiona kila siku. Vua mabuti, supu ya chaza inapoa. Ingia tule."